Urithikaji wa 99% na Maajabu Mengine: Kutafuta Hitilafu Katika Majaribio ya Dengu Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuvuna, akapima, akaingiza takwimu kwenye kompyuta, kisha akabaki anaitazama namba isiyoeleweka. Wengi wa aina hiyo ni wanafunzi wa uzamili waliokuja Makerere kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, wenye majaribio yao Kabanyolo, kwenye shamba la utafiti la chuo, au kule Serere, kituo cha utafiti cha mashariki. Dengu ninayoisema ni Cicer arietinum, ile ambayo maduka ya Kampala huiuza kwa jina la chana. Choroko ina mambo yake mengine.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, shika hili: kiwango cha urithikaji si sifa ya dengu. Ni sifa ya dengu zile, shamba lile, msimu ule na mpangilio ule wa jaribio. Ni sehemu tu: juu kuna variansi (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) inayotokana na jeni, chini kuna variansi yote uliyoiona shambani. Namba ikiwa ya ajabu, ama juu kumeingia kisichohusika, ama chini kumejaa au kumepungua kuliko inavyostahili. Mara nyingi dengu haina hatia.

Urithikaji wa mavuno umetoka 95% na zaidi

Usishangilie. Mavuno ya dengu yanaongozwa na jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo, na yote yanayumbishwa na mvua, udongo na viwavi wanaotoboa maganda. Ukiniambia uzito wa mbegu 100 umetoka 95%, nitakuamini. Siku za kuchanua nazo, sawa. Mavuno ya ploti ndogo (kipande cha shamba chenye aina moja) kwa 99%, nitaomba kuona daftari la shamba.

Jambo la kwanza nitakalolitafuta humo ni marudio ya uongo. Umechukua mimea mitano ndani ya kila ploti, ukaiingiza kwenye faili kama marudio matano. Mimea hiyo imekunywa maji yaleyale na kula udongo uleule, kwa hiyo uzuri wa ploti unahesabiwa kuwa uzuri wa jeni. Tiba ni rahisi: pata wastani wa mimea ya kila ploti kwanza, ndipo uchanganue.

La pili ni kuchanganya desi, dengu ya mbegu ndogo za rangi, na kabuli, ya mbegu kubwa nyeupe. Mbegu 100 za desi huwa na uzito wa gramu 10 hadi 25 hivi, ilhali kabuli nyingi huanzia hapo na kupanda hadi 50 au zaidi. Ukiweka makundi hayo mawili katika uchanganuzi mmoja, sehemu kubwa ya variansi inaeleza tu kwamba kabuli si desi, habari ambayo hata muuza duka anaijua. Mboreshaji anayechagua ndani ya desi hafaidiki nayo. Weka kundi kama kipengele katika modeli, au chambua kila kundi peke yake, uone namba itakavyoshuka.

La tatu ni mbegu zenyewe. Aina nyingine zimetoka kwenye friji ya benki ya mbegu, nyingine zilizidishwa msimu uliopita, nyingine zilikaa kwenye gunia. Uchangamfu wa mbegu unafuata aina katika marudio yote, na hesabu haina njia ya kuutofautisha na jeni. Zidisha mbegu zote mahali pamoja kwa msimu mmoja kabla ya jaribio. Najua ratiba ya shahada haipendi kusikia hivyo.

Lakini chanzo kikubwa, ambacho nakiona zaidi ya vyote, ni jaribio la kituo kimoja na msimu mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni: aina 20, marudio 3, wastani wa mavuno kilo 1,000 kwa hekta. Katika jedwali la uchanganuzi, wastani wa miraba wa aina ni 150,000, wa mabaki (tofauti zisizoelezwa na aina wala mpangilio) ni 60,000. Toa, gawanya kwa 3, unapata variansi ya kijenetiki 30,000. Kwa hesabu ya ploti moja, urithikaji ni 30,000 juu ya 90,000, yaani 33%. Kwa hesabu ya wastani wa aina, mabaki yanagawanywa kwanza kwa 3, hivyo ni 30,000 juu ya 50,000, yaani 60%. Jaribio ni hilohilo na takwimu ni zilezile. Ndiyo maana ripoti inayotaja urithikaji bila kusema ni wa ploti au wa wastani haina manufaa kwa msomaji, na ndiyo maana kulinganisha namba yako na ya tasnifu ya mtu mwingine kunaweza kukupoteza.

Sasa peleka aina hizohizo vituo viwili. Huenda ikaonekana kwamba katika zile 30,000, ni 12,000 tu zinazoifuata aina kila inakokwenda. Zile 18,000 zilikuwa mwingiliano wa aina na mahali: aina fulani ilipenda udongo wa kichanga wa Serere na ikachukia Kabanyolo. Katika kituo kimoja huwezi kuzitenganisha, zote zinajiita jeni. Kwa vituo viwili hesabu inakuwa 12,000 juu ya jumla ya 12,000, 9,000 (18,000 kwa vituo 2) na 10,000 (60,000 kwa ploti 6), yaani 39%. Mtu akiniambia kwamba kuongeza kituo kumemharibia urithikaji wake, jibu langu ni kwamba ndiyo kwanza ameuona.

Variansi ya kijenetiki imetoka hasi

Hii inatisha wanafunzi kuliko zote, na wengine huifuta ile alama ya kutoa kimyakimya. Usifanye hivyo. Kinachomaanishwa ni kwamba tofauti kati ya aina zilikuwa ndogo kuliko fujo ya ndani ya shamba. Andika sifuri, eleza, kisha nenda kuitafuta fujo.

Anza na ramani. Chora ploti zako kama zilivyo ardhini, paka kila moja rangi kwa mavuno yake, bila kujali ni aina gani. Katika mashamba ya mashariki na kaskazini mwa Uganda mara nyingi utaona doa la mviringo lenye mavuno mengi linalokatiza bloku (kundi la ploti lenye kila aina mara moja) mbili au tatu. Hapo palikuwa na kichuguu kilichosawazishwa na trekta au jembe. Udongo wa kichuguu huwa na mfinyanzi na rutuba tofauti na unaouzunguka, na kukisawazisha hakuufuti. Mzee anayelinda shamba atakuonyesha kilipokuwa bila kufungua kompyuta. Muulize kabla ya kupima bloku. Mahali palipowahi kuwa zizi la ng'ombe nako ni vivyo hivyo.

Bloku nazo huwekwa vibaya. Shamba lina mteremko, na mtu anaelekeza bloku kutoka juu hadi chini kwa sababu kamba inanyooka vizuri. Kila bloku inakuwa na kichwa kikavu na miguu yenye maji, na tofauti hiyo yote inaangukia kwenye mabaki. Bloku inatakiwa ilale kukingama mteremko, ili ploti zake zote ziwe katika kimo kimoja. Na ukiwa na aina 60 au 100, usilazimishe bloku kamili, kwani haiwezi kuwa na udongo wa namna moja kwa urefu huo. Tumia lattisi ya alfa yenye bloku ndogo ndogo, au panga aina za kulinganishia zinazojirudia shamba zima. Kama jaribio limekwisha, bado unaweza kuingiza namba ya mstari na safu ya kila ploti katika modeli, kwa programu ya R au nyingine, na kuokoa kiasi.

Halafu kuna suala la vinundu, vile vivimbe vya mizizini ambamo bakteria huupatia mmea nitrojeni, ambalo Uganda ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dengu haishirikiani na kila bakteria wa mizizini. Inawataka jamaa wa Mesorhizobium ciceri, na shamba ambalo halijawahi kupandwa dengu linaweza kukosa kabisa bakteria hao. Kirutubisho cha bakteria kinachouzwa kwa ajili ya soya ni Bradyrhizobium, kwa dengu hakisaidii kitu. Mimea ikikosa vinundu inaishi kwa nitrojeni iliyomo udongoni, ambayo haiko sawa hata hatua kumi. Hapo hupimi tena jeni za mavuno, unapima ramani ya nitrojeni. Wakati maua yanaanza, ng'oa mimea michache ya mstari wa pembeni, pasua vinundu kwa kucha: ndani pakiwa na rangi ya waridi vinafanya kazi, pakiwa peupe au kijani vimelala. Ukikuta mizizi mitupu na mimea ya manjano, msimu ujao paka mbegu bakteria wa dengu wenyewe. Kwa msimu huu hakuna hesabu itakayokuokoa.

Hesabu pia mimea iliyosimama katika kila ploti. Dengu ikikuta pengo hulijaza kwa matawi, kwa hiyo ploti yenye mimea michache inaweza kuwa na mavuno ya mmea mmoja mmoja makubwa ajabu na mavuno ya ploti ya kawaida. Hapo vipimo viwili vinakupa majibu mawili. Idadi ya mimea inaweza kuingizwa katika uchanganuzi kama kisahihishi, ila tu kama upungufu ulitokana na ndege au kwato za mbuzi. Kama aina yenyewe huota vibaya, kusahihisha ni kuifichia aibu yake.

Na vibao. Wino wa kalamu ya kawaida haustahimili mvua za Novemba. Andika kwa penseli, weka kibao cha pili chini ya udongo kwenye kona ileile ya kila ploti, na weka ramani ya karatasi nyumbani. Ploti mbili zikibadilishana majina hakuna mtambo utakaokuambia.

Urithikaji ni mkubwa, maendeleo ya kijenetiki ni kiduchu

Maendeleo ya kijenetiki ni faida unayoitarajia ukichagua aina bora. Hapa hakuna kosa lolote, ni namba zinasomwa vibaya. Urithikaji unasema ni sehemu gani ya tofauti inatokana na jeni. Hausemi tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani. Kama aina zako zote huchanua kati ya siku ya 44 na ya 47, na shamba ni zuri, urithikaji unaweza kuwa 90% na bado hakuna pa kwenda. Tazama mgawo wa utofauti wa kijenetiki, yaani mzizi wa variansi ya jeni juu ya wastani, pamoja na ule wa kifenotaipu, unaotumia variansi yote. Kwa mazoea, chini ya 10% huitwa mdogo, 10 hadi 20% wa kati, na zaidi ya hapo mkubwa. Katika mfano wetu wa mavuno, mzizi wa 30,000 ni 173, juu ya wastani wa 1,000 ni 17.3%. Hapo pana kazi ya kufanya.

Niongeze neno kuhusu ile 2.06 ambayo kila mtu anaiweka kwenye kanuni ya maendeleo ya kijenetiki: nguvu ya uchaguzi mara urithikaji mara mzizi wa variansi yote ya wastani wa aina. Hiyo 2.06 ni nguvu ya uchaguzi unapochukua 5% ya juu kutoka katika kundi lisilo na mwisho. Wewe una aina 20. 5% yake ni aina moja. Kwa kundi la 20, aina bora kabisa inatarajiwa kuzidi wastani kwa mikengeuko sanifu 1.87, si 2.06. Kwa mfano wetu, 2.06 inaahidi kilo 276 kwa hekta, 1.87 inaahidi 251. Na zote mbili ni ahadi za kituo kimoja. Ukitumia zile variansi za vituo viwili, yaani urithikaji wa 39% na mzizi wa 31,000, ahadi inashuka hadi kilo 127 hivi. Tofauti kati ya 276 na 127 ndiyo tofauti kati ya tasnifu na mkulima.

Umechagua vizuri, lakini watoto hawakufuata wazazi

Kama ulichagua mmea mmoja mmoja katika F2 (kizazi cha pili baada ya kuchanganya wazazi wawili; F1 ni cha kwanza, na kuendelea) kwa kuangalia wingi wa maganda, umekwisha kujijibu. Mmea mmoja hauna rudio. Ulioota kando ya pengo, au juu ya kile kichuguu, unapendeza kuliko wenzake, na watoto wake hawarithi pengo. Katika F2 chagua sifa ambazo mmea mmoja unaweza kuzisema kwa ukweli: kuchanua mapema, ukubwa wa mbegu, umbo la mmea, rangi. Mavuno yaache hadi F4 au F5, ukiwa na mbegu za kutosha kupanda ploti zenye marudio. Njia ya kuchukua mbegu moja kutoka kila mmea hadi kizazi hicho inafaa sana kwa dengu, na Uganda yenye misimu miwili unaweza kusukuma vizazi viwili kwa mwaka ukiwa na maji ya kumwagilia.

Sababu nyingine ni kwamba urithikaji uliopigia hesabu ulikuwa wa maana pana, wenye mchango wa jeni zinazotawala nyingine. Katika F2 mchango huo upo. Kadiri dengu inavyojichavusha yenyewe kizazi baada ya kizazi, unayeyuka. Ukitaka namba inayotabiri watoto, linganisha koo za F3 na mimea ya F2 iliyozizaa, uone mwinamo wa mstari.

Na usisahau urefu wa siku. Dengu huharakishwa na siku ndefu. Aina zilizochaguliwa kaskazini mwa Syria kwa kilimo cha majira ya kuchipua zilizoea kuchanua siku ikiwa na mwanga wa saa 13 au zaidi. Hapa kwenye ikweta siku ni saa 12 mwaka mzima, na baadhi ya aina hizo hukaa zikiota majani tu. Aina za kusini mwa India, zilizokulia kwenye siku fupi za baridi ya Patancheru, huchanua bila shida. Kwa hiyo mpangilio wa ubora uliouona kwenye ripoti ya nje hauna sababu ya kujirudia Kabanyolo. Kuhusu tarehe ya kupanda, ningepanda mwishoni mwa mvua za msimu wa pili, ili maganda yakomae katika ukavu wa Januari. Dengu iliyopandwa mwanzoni mwa mvua huota kichaka na kuoza mizizi, na tofauti za kijenetiki unazotafuta hazijitokezi.

Aina zote zinafanana, au F2 haijatawanyika

Dengu ni mmea wenye kapu jembamba la jeni. Ilifugwa kutoka kwa Cicer reticulatum kusini-mashariki mwa Uturuki, ikapitia vichujio kadhaa, na hujichavusha kabla hata ua halijafunguka. Uchavushaji mtambuka kwa kawaida hauzidi 1%. Ukiomba aina 20 zilizotoka katika programu moja ya uboreshaji, unaweza kuwa umeomba ndugu 20. Angalia nasaba zao kabla ya kulaumu shamba. ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, imetenga mkusanyiko mdogo wa aina 211 unaowakilisha tofauti za maelfu yaliyomo katika benki yake ya mbegu. Hata 40 za kutoka humo, zikichaguliwa kwa makusudi, zitakupa utofauti kuliko mia za dada na kaka.

F2 isiyotawanyika, yaani mimea yake yote ikifanana, ina maelezo ya haraka zaidi: hukuzalisha chotara. Ua la dengu ni dogo, chavua hukomaa mapema, na ukichelewa kuondoa stameni, ua limekwisha kujichavusha. Ulifunga uzi, ukapata ganda, ukafurahi. Kinga yake ni kuchagua mama mwenye maua meupe na baba mwenye maua ya waridi. Waridi kwa kawaida hutawala, hivyo mmea wa F1 wenye maua meupe ung'oe hapohapo, ni mtoto wa mama peke yake. Mama mwenye jani lisilogawanyika naye anafaa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa jani hilo hujificha mbele ya jani la kawaida.

Ukinzani wa mnyauko umetoka na urithikaji wa sifuri

Ugonjwa haukusambaa sawasawa. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu, hukaa udongoni kwa madoa, na aina iliyopona huenda haikukutana nao kabisa. Panda aina dhaifu inayojulikana, JG 62, kila baada ya mistari michache. Mahali inapokufa yote ndani ya mwezi mmoja hivi, hapo kipimo kina maana. Mahali JG 62 inapostawi, takwimu za majirani zake ziandike kama hazikupatikana, usiziite ukinzani.

Hakikisha pia ni mnyauko. Pasua shina kwa urefu: mnyauko fuzari huacha mishipa ya ndani ikiwa ya kahawia iliyokoza. Mzizi mkuu ukiwa mkavu na unavunjika kama kijiti, huo ni uozo mkavu wa mizizi, unaopenda joto na kiu. Ukungu mweupe shingoni mwa mche wenye vipunje kama mbegu za haradali ni Sclerotium, na mara nyingi unaletwa na mabaki ya zao lililotangulia ambayo hayakuoza. Magonjwa matatu yakiandikwa katika safu moja ya "iliyokufa", jeni za kila moja zinazikwa na nyingine. Tenganisha safu, na kwa kuwa ni hesabu ya waliokufa kati ya waliopandwa, tumia modeli ya uwiano, kwani uchanganuzi wa kawaida wa variansi unayumba pale ploti nyingi zinapokuwa 0 au 100%.

Vimelea wa fuzari wa dengu wana zaidi ya rasi moja (makundi ya kimelea kilekile yanayotofautiana kwa aina za dengu yanazozishinda), na zinazojulikana ni nane. Aina iliyosifiwa nje kwa ukinzani inaweza kulala Kabanyolo wiki ya tatu. Iandike ilivyo, kisha hifadhi mashina makavu kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, ili maabara iweze kumkuza kimelea na kukuambia ni yupi.